Volti 12 zipo, breki hazipo: kisa cha tela la asali, Tabora

Usuli

Tela linalozungumziwa ni la ekseli mbili, mali ya kikundi cha wafugaji nyuki mkoani Tabora. Majina ya watu, namba za usajili na jina la kijiji vimeondolewa. Lilinunuliwa likiwa limetumika, pamoja na Land Cruiser pikapu ya dizeli yenye umeme wa volti 12. Kazi yake ni kukusanya asali kwenye kambi za porini upande wa Sikonge na kuishusha ghalani Tabora mjini.

Safari ya kawaida ya msimu ni ndoo 60 za lita 20. Asali ni nzito kuliko maji: lita moja ina takriban kilo 1.4, hivyo ndoo moja inakaribia kilo 28 na mzigo wote kilo 1,680. Ongeza kilo 700 za tela lenyewe, pikapu inaburuta karibu tani mbili na nusu. Huo si uzito wa kuzibebesha breki za gari peke yake.

Breki za tela hili ni za umeme. Huku tumezoea breki za upepo za malori, au tela ndogo zisizo na breki kabisa, kwa hiyo inafaa kueleza zinavyofanya kazi. Ndani ya kila dramu (ngoma ya breki inayozunguka na gurudumu), hapa ya inchi 12, kuna sumaku ya umeme iliyofungwa kwenye mkono wa chuma. Dereva akikanyaga breki, kontrola iliyo chini ya dashibodi hupeleka umeme nyuma. Sumaku hunasa kwenye uso wa ndani wa dramu inayozunguka, huburutwa nayo kidogo, mkono husukumwa na shuu, yaani vipande vya breki vinavyosugua dramu, hutanuka. Nguvu ya kufunga inatoka kwenye mzunguko wa gurudumu lenyewe. Umeme kazi yake ni kuibana sumaku tu, na inabana kwa kadiri ya mkondo unaopita ndani ya koili yake, yaani waya uliozungushwa ndani yake.

Sumaku ya breki ya inchi 10 au 12 ikiwa nzima ina ukinzani wa karibu omu 3.2 na hula ampea 3 hadi 4. Tela la magurudumu manne yenye breki linatakiwa kula ampea 12 hadi 16 kontrola ikitoa nguvu yote. Kisa chote kinazunguka takwimu hiyo.

Lalamiko

Dereva alieleza kwa maneno machache: "Fundi, tela linanisukuma." Tela likiwa tupu hakuona shida. Likiwa na mzigo, akikanyaga breki alihisi gari linapigwa mgongoni, na pua ya gari ilikuwa inainama kuliko kawaida. Pedi za mbele za pikapu zilikuwa zinaisha mapema mno.

Tabora ni tambarare, na hilo liliuficha ugonjwa. Mahali penye miteremko mirefu breki kama hizo zingejulikana wiki ya kwanza. Hapa dereva aliweza kwenda miezi kwa kuachia mafuta mapema na kushusha gia kabla ya matuta ya vijijini. Siku kundi la ng'ombe lilipovuka lami ghafla ndipo ilipobidi kusimama kweli, na tela likaja upande. Hakuna aliyeumia, lakini kikundi kikaamua tela lisibebe tena hadi litengenezwe.

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo dereva aliitaja tu kwa sababu aliulizwa: usiku, akikanyaga breki, taa za nyuma za tela zilikuwa zinafifia badala ya taa za breki kung'aa. Dalili hiyo peke yake ingetosha kuonyesha pa kuanzia.

Gereji ya kwanza

Fundi wa kwanza alipandisha kiwango cha kontrola hadi mwisho. Tela halikubadilika. Kisha akachomoa plagi ya tela, akaweka mita kwenye soketi ya gari na kumwambia dereva akanyage breki. Mita ikasoma volti 13.5. Akarudisha plagi na kuchungulia kontrola, nayo ilikuwa inaonyesha kwamba tela limeunganishwa na umeme unatoka. Akahitimisha kwamba waya ni mzima na kontrola ndiyo imechoka, haisukumi nguvu ya kutosha.

Kontrola mpya ikaagizwa Dar es Salaam. Ya zamani ilikuwa ya kupandisha nguvu kwa muda, ile ambayo ukikanyaga inaongeza umeme taratibu kwa kasi moja, iwe unasimama polepole au kwa dharura. Mpya ilikuwa ya kuhisi mwendo, inayopima jinsi gari linavyopunguza kasi na kutoa umeme kwa kiasi hichohicho. Ni aina bora kwa mzigo wa namna hii, na ilifungwa vizuri, imenyooka na mwelekeo wa gari kama inavyotakiwa. Nayo ilipandishwa hadi mwisho, lakini tela likaendelea kusukuma.

Uamuzi wa kununua kontrola ulionekana wa busara kwa sababu mita ilisema volti zipo. Ila mita ya volti haili mkondo wowote wa maana. Waya uliobakiwa na uzi mmoja mzima bado utaonyesha volti 13.5 kwenye mita, kwa sababu hakuna kitu kinachouvuta. Ukiudai ampea 12, uzi huo unashindwa na volti zinaporomoka. Nayo kontrola huonyesha inachotoa kwenye mlango wake. Haijui kinachofika kwenye gurudumu.

Vipimo vya gereji ya pili

Gereji ya pili ilianza na sumaku. Nyaya mbili za kila gurudumu zilifunguliwa nyuma ya bamba la breki na kupimwa omu. Kabla ya hapo ncha za mita ziligusanishwa zenyewe kwa zenyewe zikasoma omu 0.3, na kiasi hicho kikatolewa kwenye kila kipimo. Ukiruka hatua hii, mita ya bei nafuu itakuonyesha 3.5 au 3.6 na utashuku sumaku isiyo na kosa. Zote nne zilikuja kati ya 3.2 na 3.3. Kisha kila waya ukapimwa dhidi ya chuma cha sumaku, kuona kama koili inavuja kwenda kwenye bodi. Hakukuwa na muunganiko. Sumaku zikawekwa kando kama nzima kiumeme.

Hatua iliyofuata ilikuwa kupima mkondo, na hapo gereji nyingi hukwama. Mita ya kawaida ya mkononi huishia ampea 10. Ukiiunganisha katikati ya waya wa sumaku nne zenye afya, fyuzi yake inaungua. Mita ya kubana waya iliyokuwepo ilikuwa ya kupima umeme wa nyumbani tu, haisomi mkondo wa betri. Fundi alitumia njia nyingine ambayo haihitaji kifaa cha ziada: pima volti kwenye ncha mbili za sumaku wakati inafanya kazi, gawanya kwa omu zake.

Injini iliwashwa, plagi ikachomekwa, msaidizi akasukuma kitasa cha mkono cha kontrola hadi mwisho na kukishikilia. Ni lazima iwe mwisho: kwenye kiwango cha chini kontrola hutoa umeme kwa mapigo ya haraka, na mita husoma wastani unaopotosha. Ncha nyeusi ya mita iliunganishwa kwa waya mrefu hadi hasi ya betri ya gari, na ncha nyekundu ikatembezwa kituo kwa kituo:

Chanya ya betri: volti 13.7
Waya wa bluu unaotoka kwenye kontrola: 13.3
Pini ya soketi upande wa gari: 12.6
Pini hiyohiyo upande wa tela: 10.2
Waya wa kuingia kwenye sumaku: 8.1
Waya wa kutoka kwenye sumaku, upande wa ethi: 3.7

Mstari wa mwisho ndio uliomfanya fundi asimame. Upande wa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, ulitakiwa kuwa karibu na sifuri. Kuwa na volti 3.7 pale maana yake umeme unahangaika kurudi nyumbani. Sumaku ilikuwa inapata 8.1 kutoa 3.7, yaani volti 4.4. Gawanya kwa 3.26: ampea 1.35 kwa kila sumaku, 5.4 kwa zote nne. Kwa hesabu ya mkondo, tela lilikuwa linapata chini ya nusu ya haki yake.

Walichokikuta kwenye waya

Vipimo viligawanya hasara, kwa hiyo hawakubomoa kila kitu. Walikwenda moja kwa moja sehemu tatu.

Kwenye plagi, iliyopoteza volti 2.4, pini ya breki ilikuwa ya kijani kwa kutu ya shaba na imelegea. Plagi hiyo huachwa ikining'inia tela linapoegeshwa, mdomo ukiwa juu, mvua ikiingia.

Kwenye waya wa tela, volti 2.1, mtu alikuwa ameunga kipande cha waya mwembamba wa balbu za nyumbani, wa milimita za mraba 0.75. Muungo ulikuwa wa kusokota na kuzungushia tepu. Chini ya tepu nusu ya nyuzi zilikuwa nyeusi, zinavunjika kwa kucha.

Ethi ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote. Waya mweupe wa ethi ulikatwa zamani ulimi wa tela ulipochomelewa, na haukurudishwa. Tangu hapo umeme wote wa tela, taa pamoja na breki, ulikuwa unarudi kwenye gari kupitia mpira wa kuvutia, yaani tufe la chuma nyuma ya gari, na kikombe cha tela kilichoukalia, katikati ya grisi na vumbi. Mpira ulipofutwa kwa kitambaa ulionekana una vishimo vidogo vyeusi kama vilivyochomwa na sindano ya moto, alama za cheche za kila mruko barabarani. Hapo ndipo siri ya taa kufifia ilipofumbuka: breki zikidai mkondo, volti za ethi zinapanda na balbu zinanyang'anywa umeme wao.

Maamuzi na sababu zake

Ethi ilirudishwa kwa waya wake wenyewe wa milimita za mraba 6, kutoka plagi hadi boliti iliyokwanguliwa rangi kwenye chesisi, na ethi ya kila sumaku ikavutwa hadi kwenye boliti hiyo badala ya kutegemea ekseli. Waya wa breki nao ukawa wa milimita 6 hadi ekseli ya kwanza, kisha 2.5 kuvuka kwenda kila gurudumu. Miungo ililehemiwa na kufunikwa kwa mpira wa kusinyaa kwa moto. Plagi na soketi vilibadilishwa vyote viwili. Kubadilisha kimoja ni kuharibu kipya kwa kukichomeka kwenye pini iliyokwisha.

Wakati gereji inasubiri vifaa, mwanakikundi mmoja alipendekeza tela livutwe na Canter ya jirani ili asali isikae porini. Fundi alikataa, na alikuwa sahihi. Umeme wa Canter ni wa volti 24. Sumaku ya omu 3.2 kwa volti 12 hula wati 45. Kwa volti 24 ingekula 180. Koili ingeungua kwa kukanyaga breki mara chache. Kuvuta bila kuunganisha plagi kungekuwa kurudi kwenye tani mbili na nusu zisizo na breki.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kufungua dramu zote kabla ya kutoka barabarani, ingawa kosa la umeme lilishapatikana. Magurudumu matatu yalikuwa na shuu nzuri ila zilizolegea mno. Breki nyingi za aina hii hazijikazi zenyewe, na hapakuwa na anayejua zilikazwa lini. Sumaku ilikuwa inamaliza safari ya mkono kabla shuu hazijagusa dramu. Gurudumu la nne, nyuma kulia, lilikuwa limelowa grisi. Mtu alisukuma grisi kwa pampu kwenye kitovu hadi sili ya nyuma ikaachia, na grisi ikaenea kwenye shuu na kwenye uso wa sumaku. Shuu iliyonyonya grisi haioshwi ikarudi: ukiisafisha kwa petroli inaonekana kavu, ikipata moto inatoa mafuta tena. Shuu za magurudumu yote mawili ya ekseli ile zilibadilishwa, ile yenye ukanda mfupi ikielekea mbele, na sili ikawekwa mpya. Sumaku ilisafishwa na kurudishwa kwa sababu vitobo vya kupimia ulaji usoni mwake vilikuwa bado vinaonekana.

Kukaza kulifanywa hivi: jeki chini ya chesisi, si chini ya ekseli, bisibisi kwenye tundu la nyuma ya bamba, zungusha gurudumu la meno hadi tairi liwe gumu sana kuzungushwa kwa mkono, halafu rudisha hadi lizunguke huru likiwa na mkwaruzo mdogo. Tairi lizungushwe kwa mwelekeo wa kwenda mbele.

Betri ndogo ya dharura kwenye ulimi wa tela, ile ya kufunga breki tela likichomoka, ilikuwa imekufa. Waliweka ya volti 12 na ampea-saa 7 na kuijaribu kwa kuchomoa pini ya swichi. Plagi ya tela ilitolewa kwanza kwenye gari, kwa sababu kujaribu swichi hiyo ikiwa imechomekwa kunaweza kuiunguza kontrola.

Majaribio ya barabarani

Vipimo vipya vilikuwa vizuri: volti 12.0 kwenye ncha za sumaku, sawa na ampea 3.7 kwa kila moja, jumla karibu 14.7.

Kisha wakatoka barabarani bila kurudisha kiwango cha kontrola. Kilikuwa bado kipo mwisho, kilipoachwa na fundi wa kwanza. Tela lilikuwa tupu. Kwa kilomita 40 kwa saa dereva aligusa breki, magurudumu yote manne yakaganda na tairi la nyuma kushoto likasuguliwa bapa kwenye lami. Tairi hilo lilibidi libadilishwe.

Kiwango kikapangwa upya, safari hii kwa utaratibu. Tela likiwa na mzigo, lami iliyonyooka na kavu, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, sukuma kitasa cha mkono peke yake. Anza chini, panda kidogo kidogo hadi magurudumu yanapokaribia kuganda, kisha shuka kidogo. Kabla ya hapo shuu mpya zilisuguliwa ili zikae sawa na dramu: kupunguza mwendo kutoka 60 hadi 30 kwa breki za tela peke yake, mara kama 20, kwa nafasi ya kupoa katikati. Ukipanga kiwango shuu zikiwa bado hazijakaa, utalazimika kukishusha tena baada ya siku chache.

Uchambuzi

Kilichookoa kazi ni kupima volti wakati sumaku inakula mkondo, na kupima pande zote mbili. Mafundi wengi hufuata waya wa kupeleka na kusahau wa kurudisha. Hapa hasara kubwa kuliko zote, volti 3.7, ilikuwa kwenye ethi, na isingeonekana kama ncha nyeusi ya mita ingegusishwa kwenye chesisi ya tela badala ya hasi ya betri. Chesisi yenyewe ilikuwa juu kwa volti 3.7, mita ingesoma sifuri na kila mtu angeridhika.

Gereji ya kwanza ingeweza kulipata kosa hili bila mita ya maana. Balbu ya H4 ya taa kubwa, wati 60 na 55, nyuzi zote mbili zikiunganishwa pamoja, hula zaidi ya ampea 9. Iunganishe kati ya waya wa breki na waya wa ethi kwenye gurudumu, mwishoni mwa njia. Ikiwaka nyeupe, njia inabeba mkondo. Ikiwaka nyekundu kama kaa, kuna kizuizi, hata kama mita inasoma 13. Balbu iliyoungua uzi mmoja bado inafaa kwa kazi hii.

Kununua kontrola kulishindwa kwa sababu kulifanywa kabla ya kipimo chochote chenye mzigo. Kupandisha kiwango nako kulikuwa na madhara zaidi ya kutosaidia: kuliacha mtego uliolipuka siku waya ulipopona. Anayerekebisha umeme wa tela arudishe kiwango chini kabla ya kugusa kitu kingine.

Grisi ya gurudumu moja na shuu zilizolegea vingebaki kama gereji ya pili ingeridhika na ampea 14.7. Tela lingesimama, ila lingevuta upande mmoja, na lawama zingerudi kwenye waya. Mkondo unaopimwa hauoni shuu iliyolowa.

Kukaza kulirudiwa baada ya kilomita 300 hivi, shuu mpya zilipokuwa zimekaa, na baada ya hapo ni kila kilomita 5,000. Kwenye kontrola dereva amebandika alama mbili za tepu, ya tela tupu na ya ndoo 60. Anapoingia barabara za mchanga za kambini hushusha chini ya alama ya kwanza, kwa sababu juu ya mchanga gurudumu huganda kwa nguvu ndogo sana na tela huteleza kwenda kwenye mfereji.